Mnyama wa Lupepo

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka. Tunaichapa kama alivyoitoa, kwa ombi la wanafunzi wa kidato cha nne.)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniachia nichague jambo mwenyewe. Nadhani alitegemea kwamba nitazungumzia bidii katika masomo. Jambo hilo ni zuri, na wenzangu watakaonifuata watalieleza vizuri kuliko mimi, kwa sababu wao bidii walikuwa nayo. (Kicheko.) Mimi nitazungumzia mnyama.

Nimefika hapa tangu juzi, na kila nilipoketi nimesimuliwa habari zake. Nimeambiwa kwamba huko juu, mahali mashamba ya chai yanapokwisha na msitu unapoanza, kuna mnyama mkubwa kama ndama, mweusi, mwenye mkia mrefu. Mmoja kamwona alfajiri akivuka njia. Mwingine kamwona magharibi akinywa maji. Wa tatu hakumwona, lakini ndiye aliyenieleza kwa urefu kuliko wote. (Kicheko.) Mbuzi wamepotea. Watoto wanasindikizwa shuleni. Na jana usiku nilisikia neno la nne, lililosemwa kwa sauti ya chini: kwamba mnyama huyo si wa porini, ana mwenyewe, na mwenyewe anajulikana.

Ndugu zangu, maneno matatu ya kwanza ningeyasikiliza nikanywa chai yangu. Hilo la nne ndilo lililonifanya niitupe hotuba niliyokuwa nimeiandika. Nimewahi kulisikia hapa hapa, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nianze na wajibu wangu wa kazi. Baada ya kuondoka hapa nilisoma Mweka, kwenye Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, nikafanya kazi ya ubwana nyama mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo nimeitwa mara nyingi kwenda kumtazama mnyama wa ajabu. Nawaambieni kwa hakika kwamba habari za namna hii si za Lupepo peke yake, na si za jana.

Wazee wa pwani wana habari za nunda, ambaye wengine humwita mngwa. Askofu Edward Steere alipokusanya hadithi za Kiswahili Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, moja ilikuwa ya Sultani Majinuni. Katika hadithi hiyo mnyama mla watu anasumbua nchi, na kijana wa sultani anatoka kwenda kumwua. Anaua mnyama wa kwanza, anamletea mama yake. Mama anamwambia siye. Analeta wa pili, siye. Analeta mkubwa zaidi, bado siye. Mpaka mwisho anampata nunda mwenyewe. Na huyo nunda alikuwa nani? Alikuwa paka wa nyumbani kwa sultani, aliyeachiwa akala mifugo, kisha watu. Naomba mwiweke hadithi hiyo akilini, maana tutairudia.

Katika miaka ya 1920 hakimu Mwingereza aliyekuwa Lindi, William Hichens, alipata taarifa za watu waliouawa usiku na mnyama asiyejulikana. Huyu ndiye Hichens aliyeuhariri utenzi wa Al-Inkishafi, uliochapishwa mwaka 1939. Aliandika habari za mngwa mwaka 1937, akasema watu wa pwani wanamtofautisha kabisa na simba na chui. Hata hivyo, mngwa hajapatikana mpaka leo: hakuna ngozi, wala fuvu.

Tuje karibu na kwetu, Njombe. Hapo hapakuwa na shaka juu ya mnyama: walikuwa simba. Tangu mwaka 1932 hadi 1947, upande wa Wanging'ombe, Mtwango na Rujewa, simba walikula watu. Hesabu inayotajwa sana ni zaidi ya watu 1,500. Sababu mojawapo inayotolewa ni kwamba nyama wa porini walipigwa risasi kwa wingi ili sotoka isishuke kusini, na simba walipokosa windo lao wakageukia watu. Bwana nyama aliyewasaka, George Rushby, alieleza kwamba tabu yake kubwa ilikuwa kimya. Watu waliamini kwamba simba wale walikuwa wa mganga, Matamula Mangera, na kwa hofu hawakutaka hata kuwataja. Sasa fikirini: mnyama anakula jirani yako, na wewe huendi kumwarifu mwenye bunduki, kwa kuwa umeshaamini kwamba risasi haitasaidia. Rushby na wasaidizi wake waliwaua simba kama kumi na watano hivi, na vifo vikakoma. Risasi ilisaidia.

Singida ilikuwa kinyume chake. Katikati ya miaka ya 1940 watu wengi walikufa wakiwa na majeraha kama ya kucha, na wote wakasema ni simba. Serikali ya wakati ule ilipochunguza, iliwafikisha watu mahakamani kwa kuua wenzao, na wengine wakanyongwa. Njombe watu walimsingizia mtu kazi ya simba. Singida simba wakasingiziwa kazi ya watu. Yote mawili yalitokea katika nchi hii hii, na karibu wakati ule ule. Kwa hiyo anayesema "mnyama" bila kutazama anaweza kukosea, na anayesema "mtu" bila kutazama anaweza kukosea vibaya zaidi.

Wasomi waliopo hapa wasije wakadhani nimekuja kuwacheka wazee. La hasha. Juu ya vichwa vyetu upo Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakieleza kwamba msituni mle kuna nyani mwenye haya, anayekaa juu ya miti, anayeitwa kipunji. Waliosoma walisita, maana katika masimulizi yetu wamo wanyama wa kweli na wamo pia wa mizimu. Basi mwaka 2003 watafiti waliokuwa na Tim Davenport wakamwona kwa macho yao. Mwaka uliofuata wenzao wengine, bila kujua habari hizo, wakamwona huko Udzungwa. Mwaka 2005 dunia nzima ikatangaziwa. Kisha mmoja akanaswa kwenye mtego katika shamba la mahindi, akafa, na mwili wake ulipopimwa ikaonekana kwamba hafanani na jenasi yoyote iliyojulikana. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yaani nyani wa Rungwe. Ilikuwa imepita miaka 83 tangu jenasi mpya ya nyani kupatikana katika Afrika. Walipohesabiwa, hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuwa wanyama 1,117 tu.

Wazee wetu walikuwa wakimjua siku zote. Kwa hiyo mtu akikuambia ameona kitu msituni, usimcheke. Lakini kipunji hakuingia vitabuni kwa sababu watu walisema sana. Aliingia kwa sababu watu walikwenda, wakakaa kwenye baridi na utelezi, wakatazama, wakarekodi mlio wake, wakapiga picha. Wazee walitoa habari, na wengine wakatoa jasho la kuithibitisha.

Na huyo mweusi mnayemsema? Chui mweusi yupo duniani. Ni chui kama chui wengine, aliyezaliwa na rangi nyeusi, na ukimtazama kwenye mwanga mzuri utayaona madoa chini ya weusi. Kule Laikipia, Kenya, picha zake zilizopigwa na kamera za kutegea zilitolewa mwaka 2019. Chui wa rangi yoyote hutembea peke yake usiku, anaweza kuishi karibu na watu miaka mingi bila kuonekana, na hula kila kitu kuanzia panya mpaka mbuzi. Siwezi basi kumwambia mtu yeyote hapa kwamba haiwezekani. Namwambia: nionyeshe.

Naam, sasa niwasimulie yangu.

Mwaka 1977 nilikuwa kidato cha pili. Usiku mmoja mimi na mwenzangu tulitoroka bweni kwenda kwenye ngoma ya harusi kijijini. Hatukwenda kwa njaa. Tulikwenda kwa utundu. Tulirudi saa saba za usiku, kuna ukungu, tuna tochi yenye betri zinazokufa. Tulipofika pembeni mwa chai, mwanga ukagonga macho mawili. Sikuona kichwa, wala mwili, wala mkia. Macho mawili tu, yakawaka, yakazimika. Tulikimbia kama watu waliofukuzwa na moto, tukaangukia mikononi mwa mwalimu wa zamu.

Akatuuliza tumetoka wapi. Mwenzangu alikuwa akihema tu. Mimi nikasema: "Mwalimu, tulitoka kwenda chooni, simba akatufukuza."

Sentensi moja. Mwalimu akatupeleka bwenini, akafunga mlango, akatusahau. Tulilala tukicheka chini ya mablanketi.

Asubuhi simba alikuwa na manyoya ya shingo. Kufika mchana walikuwa wawili. Mchakamchaka wa alfajiri ukasimamishwa, na kwa hilo tulipata umaarufu mkubwa. (Kicheko.) Jumamosi ile jirani mmoja akaamka akakuta mbuzi wake saba wamekufa zizini. Basi uwongo wangu ukapata miguu. Wakaja watu kuniuliza, watu wazima, wenye umri wa baba yangu, nami nikawaeleza simba alivyonguruma. Ningefanya nini? Nilishasema.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa peke yake karibu na msitu. Simtaji jina, maana ana wajukuu. Alikuwa akituuzia maziwa ya mgando, na mara nyingi alitukopesha. Mkewe alikuwa amekufa, watoto walikuwa mbali, hakupenda mazungumzo mengi. Mtu mmoja akauliza: mbona ng'ombe wake hawajaguswa? Hilo lilikuwa swali tu. Kesho yake likawa jibu. Siku ya tatu, usiku, vijana walikwenda wakamkata migomba yote. Mliozaliwa huku hamhitaji kuelezwa maana yake. Nyumba ya Mnyakyusa bila migomba si nyumba, na kumkatia mtu migomba ni kumwambia asionekane tena hapo. Hakungoja wafike kwenye paa. Aliondoka alfajiri na ng'ombe wake, akaelekea Usangu. Sisi tulimwona akipita barabarani tukiwa kwenye mstari wa uji.

Siku mbili baadaye akaja bwana mifugo kutoka Tukuyu. Alikuwa amecheleweshwa na mvua. Akaiomba ile mizoga, na bahati mmoja ulikuwa haujazikwa. Alitazama kwa muda mfupi sana. Akasema mbuzi huyu ameumwa miguu ya nyuma na matako, ameraruliwa hapa na pale, hakuliwa. Na walioua ni wengi, kwa kuwa saba wameachwa pale pale. Akatuonyesha nyayo kwenye tope la zizi, zimebaki chini ya paa: kila kidole kina alama ya ukucha. Akasema, "Hawa ni mbwa. Mbwa wenu." Wakatafutwa, wakakutwa wanne, mmoja ana manyoya ya mbuzi kwenye meno. Walikuwa mbwa wa majumbani, waliozoea kuachiwa usiku. Sasa mnaona kwa nini niliwaomba mshike hadithi ya nunda. Mla mbuzi alikuwa akilala uani kwetu.

Hakuna aliyekwenda kumrudisha mzee. Mimi nilikaa kimya. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa kimya.

Miaka kumi na minne baadaye kazi ilinipeleka Usangu, nikamtafuta. Alikuwa amekwisha kufariki. Nikamkuta binti yake, nikamweleza yote, tangu ngoma ya harusi mpaka tope la zizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Kaka, mngesema kweli mngechapwa fimbo ngapi?"

Nikasema, "Nne."

Hakusema kitu. Akanyanyuka, akaniletea maji ya kunawa, nikala kwake. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, nimechunguza mizoga mingi, na kila mara nilipoinama nilimkumbuka yule mzee na maziwa yake ya mkopo.

Basi vijana, nawaachieni mambo machache, na hayahitaji digrii.

Kwanza, ukiona, sema ulichoona na usiongeze. Kama uliona macho mawili, sema macho mawili. Mbuzi, ng'ombe, mbwa, fungo, mondo na chui, macho yao wote huwaka kwenye tochi.

Pili, tazameni chini kabla watu hawajakanyaga. Unyayo wa jamii ya paka ni wa mviringo, una vidole vinne, kwa kawaida hauna alama ya kucha, na kisigino chake kina mabonde mawili kwa nyuma. Mbwa na fisi huacha alama za kucha. Chui mzima unyayo wake ni sentimita saba hadi tisa hivi kwa upana. Mondo ni kama nusu ya hapo. Simba huzidi kumi. Weka rula yako pembeni, piga picha kwa simu, kisha funika kwa ndoo au karai mvua isifute. Simu hizo mnazozificha Mkuu wa Shule asizione zingefanya kazi ya maana mara moja. (Kicheko.)

Tatu, msiuguse mzoga. Chui huua kwa kuuma koo, humburura windo wake, na mara nyingi humpandisha mtini. Fisi huvunja mifupa na habakizi kitu. Mbwa huuma ovyo na kuacha. Mzoga ni barua. Ukiuzika haraka umeichoma kabla ya kuisoma. Tena kuna faida ya mfukoni: zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa mfugaji aliyeuliwa mifugo na mnyama mkali wa porini. Lakini afisa wanyamapori wa wilaya hawezi kuandika taarifa juu ya mnyama wa kusimuliwa. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji waarifiwe siku ile ile.

Nne, na hili nawaambia wazee kwa heshima zote: mtu asitajwe. Kumwita mtu mchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi ya tangu mwaka 1928, nayo inatumika mpaka leo. Lakini mimi siwaombi kwa sababu ya sheria. Nawaomba kwa sababu nimemwona mzee akipita barabarani na ng'ombe wake alfajiri, na najua nani alimtoa.

Nilipowasili juzi niliuliza kama yupo aliyemwalika afisa wanyamapori. Nikaambiwa bado, kwa kuwa mnyama mwenyewe "anajulikana". Ndugu Mwenyekiti, pamoja na walimu wawili na mzee mmoja wa hapa, jana jioni tumepiga simu Tukuyu. Kesho asubuhi tutapanda pamoja kutazama ile njia, na vijana wanne wa kidato cha tatu watatusindikiza wakiwa na rula. Tukikuta chui, tutashukuru kwamba msitu wetu bado una uhai, nasi tutaimarisha mazizi. Tukikuta mbwa, kila mtu atafunga wa kwake. Tusipokuta kitu, tutarudi tukaseme hivyo hivyo, kwamba hatukukuta kitu.

Na leo usiku, kabla ya kulala, nitapita nyumbani kwa yule anayenong'onwa. Nitakaa naye, nitaomba chai. Anayetaka kunifuata anifuate, nyumba mnaijua.

Nimechelewa miaka mingi kusema maneno haya mbele ya shule hii.